Mwanza–Dar kwa Airbus A220: tathmini ya fundi injini, na kwa nini nachagua ndege ya asubuhi

Niseme mapema ninachopima hapa. Habari za juisi na karanga, upana wa kiti na tabasamu la wahudumu wengine wameshaziandika vya kutosha. Mimi ni fundi wa jenereta na mashine za boti, kazi zangu ziko Kirumba hapa Mwanza, si mbali na mwalo wa kushushia samaki, na nikipanda ndege masikio yangu yote yako kwenye injini. Tathmini hii ya safari ya Mwanza kwenda Dar es Salaam kwa Airbus A220-300 ya Air Tanzania inahusu injini zile mbili na hewa zinayoimeza. Safari ya asubuhi naipa nyota tano. Ile ya mchana, ndege ileile na injini zilezile, naipa nne, na kosa si la shirika wala la rubani. Ni hewa ya kwetu.

Watu wa Mwanza tunaishi ufukweni, tunaamka tukiyaona maji, basi tunajisahau tukadhani tuko chini kama watu wa Kigamboni. Hatuko chini hata kidogo. Kiwanja chetu cha ndege kiko mita 1,147 kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe limekaa juu ya mita 1,100. Hewa tunayovuta hapa ni nyepesi. Chukua joto la nyuzi 30, ambalo mchana wa Mwanza linafika bila taabu: mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar ina uzito wa kama kilo 1.16, ya kwetu kama kilo 1.01. Pungufu ni asilimia 13 hivi. Mtu akitembea sokoni haisikii tofauti hiyo, lakini injini inaisikia tangu inapowashwa.

Mimi naiona kila mwezi. Mteja ananunua jenereta Dar, isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini), bati lake limeandikwa kilowati kadhaa, anaifunga jenereta kwenye kiwanda cha barafu huku, na wiki ya kwanza tu ananipigia simu: fundi, mashine inatoa moshi mweusi na haibebi mzigo. Mashine haina ugonjwa. Pampu inapeleka dizeli ileile iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ila oksijeni ya kuichoma yote haipo, na ile isiyoungua ndiyo inatoka masizi. Hesabu ya mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa Mwanza ukipunguza asilimia kumi na kitu kwenye namba ya bati, umefika penye ukweli. Mwenye kiwanda akikataa kuamini, namwonyesha ukurasa wenyewe kwenye kitabu cha mashine, maana karibu kila kitabu kinao na karibu hakuna anayeufungua.

Sasa ndege. Injini ya jeti inaishi kwa hewa kuliko hata dizeli, kwa sababu kwake hewa ni vitu viwili kwa pamoja: ndiyo inayochoma mafuta, na ndiyo inayosukumwa nyuma ili ndege iende mbele. Msukumo unatokana na kilo za hewa zinazopita kila sekunde, zikizidishwa na kasi ziliyoongezewa. Zingatia ni kilo, siyo lita. Feni ya mbele ikizunguka kwa mwendo uleule inameza ujazo uleule wa hewa iwe Dar au Mwanza, lakini huku ujazo huo umebeba kilo chache. Ni sawa na kasia linalopigwa kwenye povu: mkono umefanya kazi yake, mtumbwi umesogea kidogo.

Injini za A220 ni Pratt & Whitney za familia ya PW1500G, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndiko roho yangu iliko. Feni yake ina kipenyo cha takriban mita 1.85, yaani mtu mrefu anasimama ndani ya mdomo wake. Kati ya feni na turbini inayoiendesha, yaani magurudumu ya mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, kuna giaboksi, hivyo feni inazunguka kwa kama theluthi moja tu ya mwendo wa turbini. Turbini inapenda kukimbia, feni kubwa inataka kwenda taratibu, na giaboksi inampa kila mmoja mwendo wake. Matokeo ni kwamba kwa kila kilo moja ya hewa inayoingia ndani kuungua, kama kilo 12 zinapita pembeni, zikisukumwa na feni tu bila kuguswa na moto. Msukumo wa injini moja wakati wa kuruka unaweza kufika kilonewtoni 100 hivi, kama nguvu ya kunyanyua tani kumi. Ndege ya kwanza ya aina hii ilifika nchini Desemba 2018, na Air Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kuipokea. Hilo linastahili kusemwa kwa sauti.

Ukitaka kuiona kazi, kaa dirishani mbele ya bawa. Upande wa kushoto kuna viti viwili viwili, kulia vitatu vitatu. Mimi huomba kushoto. Asubuhi yenye unyevu, rubani anapoongeza nguvu mwanzo wa njia ya kurukia, unaona ukungu mweupe unatokea ghafla kwenye mdomo wa injini na kunyonywa ndani. Siyo moshi. Hewa inapovutwa kwa kasi shinikizo lake linashuka, inapoa papo hapo, na mvuke uliokuwa umejificha ndani yake unageuka vitone. Ndege ikishaanza kukimbia ukungu unakatika. Kijana aliyekaa nami safari moja alitaka kumwita mhudumu, nikamwambia atulie aangalie, kwa sababu huko ni kuiona pumzi ya injini kwa macho.

Pembeni yetu siku hiyo alikuwepo bibi mmoja anayekwenda Dar kwa mwanawe. Ndege ikakimbia, ikakimbia. Akanishika mkono.

“Mwanangu, mbona hainyanyuki?”

“Bibi, tulia. Hewa yetu huku ni nyepesi, inataka kasi zaidi kabla haijabeba.”

“Na barabara haiishi?”

“Imebaki nyingi bibi.”

Na ilikuwa imebaki nyingi kweli, maana njia ya kurukia ya Mwanza ina zaidi ya kilomita tatu. Ila swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Bawa nalo linategemea uzito wa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halibebi mpaka lipite kasi zaidi, na ukipiga hesabu kwa joto la nyuzi 30 kote kuwili, ndege inayoacha ardhi ya Dar kwa kilomita 240 kwa saa itaiacha ya Mwanza kwa kama 257, ikiwa na mzigo uleule na upepo umetulia. Rubani haoni tofauti kwenye saa yake ya mwendo, kwa kuwa saa hiyo inapima nguvu ya upepo unaoigonga ndege, na nguvu ya kuibeba ni ileile. Tofauti wanaiona matairi. Kwa hiyo Mwanza inakupiga mara mbili: kasi inayotakiwa ni kubwa zaidi, na msukumo wa kuifikia ni mdogo zaidi. Ndiyo maana mbio zinarefuka.

Kutua nako ni vilevile, na hili abiria hawalisemi kabisa. Ndege inagusa ardhi ya Mwanza na kasi zaidi kwa asilimia 7 hivi kuliko Dar, na kwa kuwa nishati inakua kwa kasi mara kasi, breki zinapokea kama asilimia 15 zaidi ya kumeza. Mkisikia injini zinanguruma sana baada ya kutua na mwili unavutwa mbele, ni kazi ya kuimeza hiyo ziada. Mimi ile ngurumo huifurahia.

Turudi kwenye saa ya safari, maana ndiyo nasaha yangu kubwa. Joto nalo linatanua hewa. Asubuhi Mwanza ikiwa nyuzi 18, mita ya ujazo ina karibu kilo 1.06, saa nane mchana imebaki 1.01. Ongeza unyevu wa ziwani, na mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, unapunguza kama asilimia moja tena siku ya fukuto. Ukiangalia namba hizo peke yake utasema ni kidogo. Kuna jambo la pili ndani ya injini, nalo ni zito zaidi. Kompresa ikibana hewa inaipasha moto, na hewa iliyoingia na joto inatoka kwenye kompresa na joto zaidi, kabla hata tone la mafuta halijawaka. Mapanga ya turbini yana kikomo cha joto ambacho hayavuki. Hewa ikifika pale tayari imechemka, nafasi iliyobaki ya kuongeza mafuta inakuwa ndogo, na kompyuta ya injini inazuia.

Watengenezaji wanalijua hilo, wakaweka akiba. Injini nyingi za kisasa zinauzwa na msukumo uliopunguzwa makusudi kuliko uwezo wake, ili kila siku iwe baridi au joto rubani apate msukumo uleule, mpaka lifike joto fulani. Mara nyingi joto hilo ni nyuzi 15 juu ya lile linalohesabiwa la kawaida kwa mwinuko husika. Usawa wa bahari kawaida ni nyuzi 15, basi akiba inafika mpaka 30. Kwa mwinuko wa Mwanza kawaida ni nyuzi 7 na nusu, basi kwa kanuni hiyo akiba inaishia nyuzi 22 na nusu. Fikirieni maana yake. Mchana wa nyuzi 30 pale Dar injini bado iko ndani ya akiba yake. Joto hilohilo Mwanza limeshapita. Asubuhi ya nyuzi 19 tuko ndani na injini inapumua. Mchana tuko nje.

Hii isimtishe mtu. Kwa njia ndefu kama ya kwetu na safari fupi ya kilomita 850 hivi, ndege haijazi mafuta mengi na ina ziada ya kutosha. Marubani mara nyingi hawatumii hata nguvu zote: kompyuta inaambiwa kwamba nje kuna joto kuliko lililopo, nayo inashusha msukumo mpaka kiasi kinachotosha, ili turbini isiungue bure na injini iishi muda mrefu. Na mchana tuna msaada wetu wa asili. Wavuvi wanajua jua likishapanda upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na ndege ikipaa kuelekea ziwani inaupokea upepo huo usoni. Kila kilomita moja kwa saa ya upepo wa mbele ni kilomita moja kwa saa ambayo matairi hayana haja ya kuikimbia. Nyota niliyoipunguza mchana ni ya kupanda: hewa ya moto kutoka kwenye mawe na mabati inanyanyuka kwa mafungu, ndege inatikisika mpaka ipite mawingu, na inapanda polepole kuliko asubuhi. Mwenye tumbo jepesi ataielewa nyota hiyo.

Huko juu mambo yanageuka, na kwangu ndipo utamu ulipo. Rubani alitangaza futi 37,000, kama kilomita 11. Hewa ya pale haifiki hata theluthi ya uzito wa hewa ya pwani, na msukumo wa injini umeshuka mpaka sehemu ndogo tu ya ule wa kurukia. Mtu atauliza, sasa kwa nini tupande huko kama hewa inapungua? Kwa sababu hewa inayompa injini msukumo ndiyo hiyohiyo inayoizuia ndege isiende. Ikipungua, ndege inaweza kwenda kasi kubwa zaidi kwa upinzani uleule, na kila kilo ya mafuta inanunua kilomita nyingi zaidi. Tena nje ni baridi kali, hasi 40 na zaidi, na baridi ndiyo dawa ya injini yoyote inayochoma kitu: hewa baridi inabanwa kwa kazi ndogo, na pengo kati ya baridi ya kuingilia na moto wa ndani linakuwa pana. Injini inayohangaika uwanjani Mwanza saa nane mchana inakuwa na raha kwenye anga ambalo binadamu hangekaa dakika chache bila kuzimia.

Wenzangu wananiuliza kuhusu Q400, ile ya propela. Ni ndege nzuri, na injini zake za PW150A ni turbini vilevile, kila moja na nguvu farasi kama 5,000, zikizungusha propela yenye mapanga sita. Propela inashika hewa nyingi na kuisukuma polepole, kwa hiyo inanyanyuka vizuri viwanja vifupi. Lakini inasafiri kwenye futi 25,000 hivi, kwenye hewa nzito zaidi, na kasi yake ni ya chini. Kwenda Dar nachagua jeti. Ingekuwa safari fupi, ningeichagua propela bila kusita.

Huduma ya mwisho ninayoipima ni ya ndege ndogo, na hapa sisifu. Niliitwa kutengeneza jenereta kwenye kambi moja ndani ya Serengeti, nikarudi kupitia kiwanja cha Seronera kwa ndege ya turbini moja ya kampuni ambayo sitaitaja. Ilikuwa mchana, jua kali. Viti vingine vilikuwa wazi, lakini karani akaweka sanduku langu la spana kando akasema, “Hili litakuja kesho, ndege imejaa.” Nikamwonyesha viti. Akarudia neno lilelile. Kesho yake asubuhi nilikuwa na kazi Nyamagana, na fundi bila spana ni mtalii tu.

Rubani, kijana wa umri wa mwanangu, ndiye aliyenitoa hasira. “Shikamoo fundi,” akasema, “siyo nafasi, ni joto. Ningeondoka saa moja asubuhi ningekubebea na sanduku la pili.” Nikamwelewa mara moja. Seronera iko zaidi ya mita 1,500. Marubani wanachukua mwinuko na joto wanavigeuza namba moja, inayosema ndege inajihisi iko mita ngapi. Mwanza kwa nyuzi 30 ndege inajihisi iko karibu mita 1,900, juu kuliko mji wa Mbeya. Seronera kwa nyuzi 29 inajihisi inakaribia 2,400. Kwa injini moja na njia fupi, kitu pekee unachoweza kupunguza ni uzito, na spana zangu ni chuma. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa na ninauheshimu. Nyota mbili ninazoipa kampuni ile ni za rubani. Tatu zimekwenda kwa kauli ya karani, kwa sababu abiria akiambiwa ndege imejaa huku anaona viti vitupu, anaondoka akiamini ameibiwa nafasi, na kesho atabishana na rubani kuhusu kilo ambazo hazina mjadala. Sentensi moja ya kweli ingetosha: joto limepanda, tunapunguza mzigo. Watu wa kanda hii wamebeba mizigo kwenye mitumbwi maisha yao yote, wanajua chombo kina kikomo.

Kwa hiyo, kwa atakayesafiri. Dar kwa A220, chukua ya asubuhi kama ratiba inayo, kaa kushoto mbele ya bawa, na kama umebeba boksi la sangara wa kugandisha asubuhi pia inakufaa, maana barafu haiyeyuki haraka. Ukipata ya mchana, panda bila hofu, ila usile sana kabla. Ndege ikianza kushuka Dar utasikia injini zinatoa mlio unaopanda na kushuka, kama haujawahi kuusikia utashtuka. Injini hizi zina mlio huo zikiwa kwenye nguvu ndogo, hakuna kilichoharibika. Kwa ndege ndogo za kwenda mbugani, piga simu siku moja kabla, uliza kilo zinazoruhusiwa saa hiyo ya kuondoka na siyo kilo za kwenye tiketi tu, na kama una vyuma kama mimi, omba nafasi ya asubuhi na uvipime nyumbani.